Jinsi Nzabandora Alivyoajiriwa Kuwa Mtu wa Kawaida

Kuna watu walioajiriwa kulima, wengine kupika, wengine kubeba mizigo, na wapo walioajiriwa kusimama kivulini ili hao wengine wasipumzike. Nzabandora wa Masisi ndiye mtu pekee niliyepata kusikia habari zake ambaye aliajiriwa kuwa wa kawaida. Kazi hiyo aliifanya kwa bidii, na ilibaki kidogo imuue shemeji yake.

Nikisema wa kawaida sitanii. Kwao, kwenye vilima vya Masisi, alilima maharage na mtama kama jirani zake, alikwenda misa Jumapili na kusinzia wakati wa mahubiri kama jirani zake. Siku alipomwoa Verdiane, baba mkwe wake alisimama mbele ya wageni akasema kijana huyu hana kasoro wala hana sifa, kisha akapokea ng'ombe wa mahari na kuketi. Baadaye mwandikishaji wa kampuni ya madini alipita vilimani na lori lake. Nzabandora akatia dole gumba kwenye mkataba wa miaka mitatu, na Ndagijimana, mdogo wake Verdiane, akatia la kwake. Wote watatu wakateremka hadi msitu wa Walikale, kwenye kambi ya kuchimba kasiterite, lile jiwe jeusi zito linaloyeyushwa kupata bati.

Verdiane aliacha mengi vilimani, lakini kibuyu cha siagi hakukiacha. Kwao mtu hatoki mlangoni na ngozi kavu, na mume anayetembea amepauka kama aliyelala jikoni humtukanisha mkewe mbele ya wanawake wote wa kisimani. Basi kila asubuhi alimpaka mumewe siagi ya ng'ombe iliyofukizwa moshi, toka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, na ilipokwisha aliwaomba madereva wa malori yatokayo Masisi wamletee nyingine. Wachimbaji wenyeji wa msitu walisema Nzabandora anang'aa kama sufuria mpya. Nzi nao walimpenda sana. Ndagijimana, ambaye hakuwa na mke wa kumpaka, alikuwa mkavu kama wachimbaji wengine.

Mwaka wa hamsini na nne akaja Daktari Grégoire, Mbelgiji mrefu mwenye soksi za kufika magotini na sanduku la mbao lililojaa nyaya. Kabla yake, aliyeamua nani ameishiwa nguvu na nani anajifanya alikuwa Hubert, muuguzi mwenyeji wa Walikale, kwa kutazama macho, kutazama ulimi na kusikiliza kifua. Daktari alisema huo ni ubashiri. Sanduku lake lingeiuliza misuli yenyewe. Kipande cha bati kilifungwa kwenye kifundo cha mkono, juu ya kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, na kingine kwenye kifundo cha mguu, kisha umeme mdogo usioumiza ukapitishwa mwilini toka kimoja hadi kingine. Misuli yenye afya, alieleza, imejaa maji na chumvi, nao umeme hupita humo kwa raha. Misuli iliyochakaa huuzuia. Mshale nyuma ya kioo ukilala chini, mtu ana nguvu. Ukipanda, amechoka kweli na apewe mapumziko.

Hubert aliyatafsiri hayo kwa wachimbaji kwa maneno machache zaidi. "Hii mashini inajua kama uko muvivu," alisema.

Ila kila mizani inataka jiwe lake. Ili kujua juu ni wapi na chini ni wapi, Daktari alihitaji mtu mmoja asiye na ajabu yoyote, ambaye wengine wote wangelinganishwa naye. Akapita mbele ya mstari wa wachimbaji, mikono nyuma, hadi akafika kwa yule anayeng'aa. Katika mng'ao ule aliona damu safi, ini zuri na chakula bora. Nzabandora akafungwa nyaya. Mshale ukapanda, ukasita, ukatulia mahali fulani pa juu, na Daktari akachora hapo mstari mwekundu kwenye kioo. Mshale wa mtu ukipita mstari, apumzike. Ukiwa kwenye mstari au chini yake, arudi shimoni. Na kila asubuhi, kabla ya wengine wote, mtu wa kawaida angepimwa kwanza, na kama mshale umekosea Daktari angezungusha kitasa cha ubavuni mwa sanduku mpaka urudi kwenye wekundu.

Hakuna aliyeuliza habari za siagi. Daktari hakujua kwamba ipo, Nzabandora hakujua kwamba ina neno, na Hubert alikuwa na mafua. Lakini umeme na mafuta haviivi chungu kimoja. Siagi ya miaka yote ile, iliyokwisha ingia ngozini, iliuzuia umeme pale pale kwenye vifundo, ukaonekana umezuiwa na misuli. Mstari ule ukawa umechorwa juu mno, mahali ambapo mwili mkavu usingefika ila umekaribia kufa.

Maisha mapya yakaanza. Nzabandora alitolewa shimoni, akapewa kiti kwenye baraza la dispansari, shati jeupe, maziwa ya unga, na mkataba mpya mrefu kuliko ule wa kwanza, maana mtu wa kawaida hawezi kuondoka katikati ya utafiti. Alikatazwa kukimbia, kubeba kuni, kunywa pombe ya ndizi na kugombana na mkewe. Alitembea kambini taratibu kama mama mjamzito. Mvua ilipotishia alijificha, na mtu akikohoa karibu naye alisogea. Wenzake wakamwita Papa Normal, kwa dhihaka, naye akaitika kwa fahari. Alianza hata kusema "sisi wa sayansi", na kuwaeleza watu kwenye foleni kwamba kuwa wa kawaida ni kipaji, hakipatikani kwa kujilazimisha. Yule aliyekuwa hana kasoro wala sifa sasa alikuwa na kasoro moja.

Mashine ilifanya maajabu. Hapo zamani, Hubert akiamua kwa macho, kila wiki watu walilala dispansari kwa uchovu, homa na viuno vilivyokataa kunyooka. Chini ya mashine, kambi nzima ilipona. Mshale haukumfikisha mtu hata mmoja kwenye mstari mwekundu. Direkta wa machimbo, ambaye hakuwahi kupenda madaktari, alimpenda huyu kwa moyo wake wote. Alimwalika chakula kila Jumamosi, na Daktari akaanza kutayarisha hotuba ya kusoma mbele ya wenzake huko Ulaya.

Mmoja wa hao waliopona alikuwa Ndagijimana. Alikuwa kwenye shimo la chini kabisa, lile ambalo wachimbaji husimama ndani ya maji mpaka kiunoni. Mapaja yake yalikuwa yamebaki ngozi na mfupa, na akikaa alilazimika kushika nguzo ili asimame. Kila Jumatatu alifungwa nyaya, na kila Jumatatu mshale ulipanda kuliko wa wenzake wote, ukakaribia mstari, usiuvuke. Daktari alisema normal, Hubert akarudia normal, na Nzabandora, kutoka kwenye kiti chake, alimwambia shemeji yake ashukuru kwa kuwa mashine imemwona sawa na yeye. Ndagijimana alimtazama mashavu, akatazama mikono yake mwenyewe, akarudi shimoni. Kutoroka hakukuwezekana. Aliyevunja mkataba alirudishwa na polisi, akalala chini kwa viboko mbele ya wenzake.

Ndipo dereva wa lori alipoleta habari kutoka Masisi. Baba yao Verdiane na Ndagijimana alikuwa amefariki na amekwisha zikwa. Msiba ungeondolewa baada ya mavuno ya mtama, na siku hiyo mwana wa kiume, aliye mmoja tu, ndiye apokee mkuki wa marehemu mbele ya ukoo. Asipokuwapo, msiba hautoki na mji unabaki bila mwenyewe. Mkataba wa Ndagijimana ulikuwa unakwisha kabla ya mavuno hayo. Alichotakiwa ni kufika hapo akiwa hai.

Verdiane alilia, kisha akafanya kama walivyofanya mama zake: akakiziba kibuyu cha siagi na kukigeuza uso kwa ukuta. Kwao wafiwa hawajipaki mafuta mpaka msiba uondolewe, na mkwe ni mfiwa. Nzabandora akaogeshwa kwa majivu na maji ya moto mpaka ngozi ikakwaruza, na kesho yake akaenda kazini amepauka, kwa heshima zote.

Asubuhi ile mshale wake ulianguka. Daktari alishangaa, akazungusha kitasa mpaka ukapanda kwenye wekundu kama desturi, kisha akaita foleni. Wa kwanza alivuka mstari. Wa pili alivuka. Wa tatu alikuwa kijana mnene wa jikoni, akavuka pia. Kabla ya saa sita kambi yote ilikuwa imeambiwa ikalale kwa sababu imechoka hatari. Direkta akaja mbio, uso umemwiva, akadai kwamba huo ni uongo na yeye mwenyewe apimwe. Akafungwa nyaya juu ya soksi zilizokunjwa, na mshale ukapanda mpaka ukagonga ukingo wa kioo. Daktari akajipima mwenyewe, akakaa chini, akaomba maji. Shimo likafungwa siku nzima, na Ndagijimana akalala usingizi kutwa bila kugeuka ubavu.

Nzabandora peke yake ndiye aliyekuwa mzima, na hakufurahi hata kidogo. Alikuwa mtu wa kawaida, si mjinga. Alijiuliza jana na leo zimetofautiana nini, akajinusa, akapata jibu. Alivyoelewa yeye, umeme unamwogopa ng'ombe. Tusimcheke, maana Daktari aliyesoma alikuwa ameelewa pungufu ya hapo. Lakini badala ya kumwaza shemeji yake aliyelala, Nzabandora aliwaza kiti, shati na maziwa. Alikumbuka maji ya kiunoni. Jioni ile akamwendea mpishi wa Direkta, akambadilishia kopo lake la maziwa kwa kipande cha siagi, na alfajiri akajipaka nyuma ya choo cha dispansari kama mwizi.

Daktari akazungusha kitasa kukirudisha kilipokuwa, mshale ukakaa kwenye wekundu, na kambi nzima ikapona kwa mara ya pili. Direkta alituma chupa ya bia kwa kila msimamizi. Wachimbaji walituma matusi, lakini hayo hayakufika mbali. Alasiri Ndagijimana aliletwa kwa Verdiane akiwa amebebwa na watu wawili, miguu inaburura. Alikuwa ameanguka majini, wakamvuta kwa nywele.

Nzabandora alifika nyumbani akakuta mkewe anamkanda ndugu yake mapaja. Verdiane hakuinua kichwa. Harufu ya siagi iliingia kabla ya mwenyewe, na siagi ikinuka mwilini mwa mfiwa huwa inanuka mara mbili.

"Baba yangu iko mu udongo," alisema Verdiane, sauti ya chini. "Mutoto wake mwanaume iko moja tu, na njo huyu. Na weye umejipaka mafuta juu wazungu bakuite normal."

Nzabandora alitaka kueleza habari za sayansi. Alimtazama Ndagijimana, ambaye alijaribu kumwamkia shemeji yake kwa heshima na akashindwa kukaa kitako, na aibu ikamshika Nzabandora mpaka masikioni. Haikuwa aibu ya kuvunja mila tu. Aliona wazi, kwa mara ya kwanza tangu avae lile shati, kwamba kila mtu aliyerudishwa shimoni katika miezi ile alirudishwa na ngozi yake yeye. Akatoka nje, akachota majivu jikoni, akaweka maji motoni. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Yeye alishuka akijisugua kwa gunzi la mahindi, na aliposhindwa kufika mgongoni Verdiane alitoka akamsugua.

Alichotarajia ni rahisi. Angekwenda mkavu, kitasa kingezungushwa, kambi yote ingeonekana imejaa wagonjwa, na Ndagijimana angelala. Lakini alisahau kwamba anashughulika na msomi. Siku ile ya maajabu ilikuwa imemwudhi Daktari sana, akaapa haitajirudia. Mshale ulipoanguka tena, hakukigusa kitasa. Alikikaza mahali pake, akakiziba kwa nta ya mshumaa. Kuanzia leo, alimwambia Hubert, mashine haitarekebishwa tena kwa ajili ya watu. Watu ndio watakaorekebishwa kwa ajili ya mashine. Mstari mwekundu ulikuwa tayari ndani ya hotuba yake, na hotuba haibadilishwi kwa sababu ya mtu mmoja kutoka Masisi.

Kilichobaki ni kueleza mtu wa kawaida amepatwa na nini. Mshale wake ulikuwa umelala chini kabisa, na kwa mafundisho ya Daktari mwenyewe chini ni nguvu. Basi Nzabandora hakuwa wa kawaida tena, alikuwa na nguvu za kupindukia, na kumweka mtu kama huyo kwenye kiti ni kuiibia kampuni. Akavuliwa shati jeupe papo hapo. Akapangiwa shimo la chini, kwenye maji.

"Docteur anakupa pole," alisema Hubert, na hakumtazama usoni. "Anasema nguvu yako imezidi ya muntu."

Sasa ulitafutwa mwili mwingine wa kukaa kwenye ule mstari. Foleni ilipita asubuhi nzima. Mshale ulilala kwa huyu, ukainuka kidogo kwa yule, na kila mara ukakoma chini ya wekundu. Daktari alianza kuuma ncha ya kalamu. Wa mwisho alikuwa Ndagijimana, ambaye alichelewa kwa sababu alitembea akishika kuta. Hubert alimfunga nyaya polepole. Siku tatu bila kula vizuri, pamoja na homa ya yale maji, zilikuwa zimemkausha hatua iliyobaki. Mshale ukapanda, ukapanda, ukasimama sawasawa kwenye mstari mwekundu kama uliochorwa kwa ajili yake.

Daktari alifurahi karibu kulia. Alimshika Ndagijimana mkono, mkono ulioonyesha mifupa yote, akawaonyesha wasimamizi waliokuwapo kuwa huu ndio mwili wa mwanadamu jinsi ulivyokusudiwa kuwa. Mwili wenyewe ulihitaji kushikiliwa pande mbili ili usimame mbele yao. Akapewa kiti, shati, maziwa ya unga na amri kali ya kutofanya kazi yoyote. Nzabandora aliyaona hayo kutoka mlangoni, jembe la shemeji yake begani. Akacheka mpaka msimamizi akamsukuma, na alipokuwa anateremka shimoni machozi yalimtoka, wala si yote ya kicheko.

Hiyo miezi iliyofuata sitaisimulia sana, maana maji ya shimo hayana hadithi. Nzabandora alichimba. Mafuta ya kiti yalimtoka mwezi wa kwanza, na baada ya hapo akaanza kutoka yeye mwenyewe. Verdiane alimpelekea sombe ya majani ya muhogo na maharage, akabaki ukingoni mpaka amalize kula, jambo ambalo hakuwahi kulifanya alipokuwa Papa Normal. Barazani, Ndagijimana alikunywa maziwa, akalala mchana, akaota mashavu. Alipoanza kusimama bila kushika nguzo, mshale wake ulianza kushuka, kila Jumatatu kidogo. Daktari alinung'unika kwamba watu wa vilimani hawana msimamo, lakini hakumwondoa, maana hapakuwa na mwingine aliyeukaribia mstari.

Mkataba wa Ndagijimana ulikwisha mtama ukiwa umeanza kuinamisha vichwa. Alipimwa mara ya mwisho, akakutwa na nguvu za kupindukia. Direkta akaamuru apelekwe shimoni, lakini dole gumba lake halikumfunga tena, wala hakutia lingine. Akaagana na dada yake, akashuka mpaka ukingoni mwa shimo kumuaga shemeji yake, akashika njia ya Masisi kwa miguu yake mwenyewe, mbio mbio, kama mtu anayesubiriwa. Dereva aliyempita njiani alisema alikuwa anaimba.

Jumatatu iliyofuata foleni ilipita tena kutafuta mtu wa kawaida. Wachimbaji wawili walimwinua Nzabandora toka majini wakampandisha hadi barazani, wakamkalisha kwenye kile kiti ili afungwe nyaya. Mshale ukapanda, ukatulia kwenye wekundu, wala haukutikisika. Daktari alimtambua, akaguswa moyo. Alimpigapiga begani, akazungumza kwa Kifaransa kwa muda mrefu.

Hubert alisubiri mpaka amalize. "Docteur anasema karibu tena, Papa," alisema. "Anasema sasa umerudia kuwa muntu muzima."

Nzabandora aliwanyoshea mikono wale wachimbaji wawili.

"Mumuambie aksanti," alisema. "Sasa munishike huku na huku, nisimame."